Majira ya Baridi Tuliyokausha Ukuta wa Bi Kanta

Rehema mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako, baba yako yupo kazini, nami nimebaki na masanduku yako pale koridoni. Ni Jumapili alasiri tu na tayari nimewasha taa, maana unaijua Januari ya hapa Hayes, London, mchana wake ni mfupi. Kesho treni itakupeleka Dundee. Nimeona nikuandikie sasa, kabla hujarudi, kwa sababu ukiwa mbele yangu nitaanza kukuuliza kama umeweka soksi nzito, na yale ninayotaka kusema yatanipita tena.

Ya kila siku sitayagusa. Kupika unajua, kufua unajua, na baba yako amekwisha kukuchosha kwa kengele ya moshi na kufunga mlango kwa ndani. Mimi nina jambo moja tu, na chanzo chake ni jana.

Jana asubuhi nilikuona. Hukuambiwa na mtu. Ulichukua ule ufunguo mdogo wa shaba na kitambaa, ukazunguka chumba kwa chumba ukitoa hewa kwenye redieta, zile za kupasha vyumba moto, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikapata moto juu na chini. Kisha ukavuta kabati langu na kuufuta ukuta wa nyuma kwa siki, pale kuvu inapopenda kuota kila baridi ikikaza. Nilisimama mlangoni nikakutazama ukifanya kazi hiyo kana kwamba ulizaliwa nayo. Nilitaka kusema asante. Nilichosema ni, "Usimwage siki kwenye zulia." Ukacheka, ukasema sawa Mama, basi ikaishia hapo.

Barua hii ndiyo ile asante. Imechelewa kwa siku moja, na ukiihesabu vizuri imechelewa kwa miaka mingi, kwa sababu kazi ile ulijifunzia chumbani kwa Bi Kanta ukiwa na miaka minane. Sehemu ya kisa hiki unaikumbuka. Sehemu nyingine hukuwahi kuijua, maana ulikuwa mtoto na mimi nilikuwa naona haya.

Baridi ile baba yako alikuwa Musoma. Alikwenda kumzika babu yako, akabaki kushughulikia mambo ya ukoo, na sisi wawili tulikuwa peke yetu katika nyumba hii ambayo bado ilikuwa ngeni kwetu. Krismasi tukaalikwa Birmingham kwa mama yako mdogo. Baba yako alinipigia simu kabla hatujaondoka, akaniambia niiache boila ikiwaka kidogo kidogo hata kama hakuna mtu ndani, kwa sababu mabomba ya nyumba hizi hayapendi kuachwa na baridi. Nilimjibu nimesikia. Nilipokata simu nikaizima kabisa. Niliona ni upuuzi kupasha moto nyumba isiyo na mtu. Mimi nimekulia mahali ambapo bomba likipasuka ni kwa sababu gari limelikanyaga. Sikuwa na picha kichwani ya maji kuganda ndani ya ukuta, yakavimba, yakapasua chuma.

Tuliporudi theluji ilikuwa inaanza kuyeyuka. Tulipoingia mlango wa chini tulimkuta Bi Kanta amekaa kwenye ngazi, yule bibi wa Kihindi wa nyumba ya chini yetu. Alikuwa amevaa sari, juu yake sweta, na juu ya sweta koti la kiume lililomfika magotini. Pembeni yake palikuwa na ndoo. Mimi na yeye tulikuwa majirani kwa karibu miaka miwili na hatukuwahi kusemeshana zaidi ya kutikisa kichwa. Nikaanza kumsalimia kwa Kiingereza. Akanikatiza.

"Mwanangu," akasema, "maji yako yamekuja kunitembelea tangu asubuhi. Kayafunge, kisha tuamkiane."

Kwa Kiswahili, Rehema. Kiswahili cha Mombasa, kilichonyooka kuliko changu. Nilitamani kurudi Birmingham, na si kwa sababu ya maji.

Nikueleze kwa nini. Unajua ninavyopiga simu. Nikitoka kazini uwanja wa ndege, baada ya kusafisha ndege usiku kucha, nilikuwa naanza kuongea na mama yako mdogo tangu kituo cha basi, napanda nayo ngazi, nasimama hapo mlangoni natafuta ufunguo huku naendelea. Bi Kanta alikuwa na tabia ya kugonga dari lake kwa ufagio kila wewe ulipokimbia juu. Basi kila mara nilikuwa na la kumsema. Nilimwita mchawi wa Kihindi. Nilisema hana kazi ila kuhesabu hatua zetu, kwamba ngazi nzima inanuka vitunguu vyake, kwamba watoto wake wamemtupa hapa na si ajabu, nani angekaa na mtu kama yule. Nilisema hayo kwa sauti ya juu kabisa, hatua chache kutoka mlango wake, nikiamini haelewi hata neno.

Nilipanda ngazi mbio. Jikoni maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye bomba la ukuta wa nje, na mimi sikujua yanafungwa wapi. Miaka miwili ndani ya nyumba na sijui koki kuu iko wapi. Nilifungua kila kabati. Ni yeye aliyepanda nyuma yangu polepole, akishika ukuta, akaonyesha kwa kidole chini ya sinki, nyuma ya masufuria. Ilikuwa ngumu. Alishuka tena, akarudi na koleo, tukaizungusha wote wawili, mikono yake juu ya yangu. Maji yakakoma. Ndipo akaniambia, haya, njoo uone.

Dari la chumba chake cha kulala lilikuwa limelala kitandani. Plasta, vumbi, ile sufi ya kuzuia baridi, vyote vimelowa vimekuwa kama uji. Zulia lilikuwa linatoa maji ukikanyaga. Ukuta mmoja ulikuwa mweusi kwa unyevu kuanzia juu hadi chini. Kona moja tu ndiyo iliyopona, ile yenye rafu ya miungu yake na taa ndogo. Nilitarajia alie au anitukane. Alinishika mkono akasema maneno ambayo yalitufunga pamoja baridi nzima:

"Dilip asijue. Akiliona hili, mimi Hayes nimekwisha."

Dilip ni mwanawe wa pekee, anayekaa Leicester. Tangu mzee wao afariki alikuwa anamsihi mama yake ahamie kwake, na chumba alikwisha kumtayarishia. Bi Kanta hakutaka. Hapa ndipo alipoishi na mumewe, hapa ana duka lake la mboga, hekalu lake, basi lake. Dilip angekuja mwisho wa Januari kwa kumbukumbu ya baba yake. Tulikuwa na wiki chache za kukirudisha chumba kilivyokuwa.

Wenye nyumba yetu walituma fundi wa bomba. Lakini nyumba ya chini ilikuwa mali ya Bi Kanta mwenyewe, na mafundi wote aliowapigia simu walisema mpaka sikukuu ziishe, kisha foleni. Nikamwambia nitafanya mimi. Sikujua ninasema nini. Kusafisha ndege na kukarabati chumba ni vitu viwili, lakini nilikuwa na haya kiasi kwamba angeniambia nimjengee ghorofa ningekubali.

Usiku ule alilala chumbani kwako, na wewe ukaja kulala na mimi. Kesho yake nilishuka dukani nikanunua keki nzuri, nikampelekea na chai, nikasema Bi Kanta, samahani kwa maji. Aliikata keki kwanza, akakupa wewe kipande, akanipa na mimi. Kisha akasema taratibu, bila kunitazama, "Maji nimekwisha kuyasamehe. Maji hayana akili. Bado yale ya ngazini."

Nilijifanya naosha vikombe.

Mwanangu, katika mambo niliyokosea, lile la boila ni dogo. Ujinga wa kutojua unatibika, mtu anakuonyesha koki iko wapi na umepona. Lile la ngazini nililijua kuwa ni baya hata nilipokuwa nalisema. Nilitegemea tu kwamba halitafika. Na kwa siku nyingi baada ya pale nilijaribu kumlipa kwa kazi ili nisije nikalazimika kulitaja. Nilikata zulia vipande kwa kisu, nikaviburuta mpaka uani. Nilifua mapazia. Nilisugua mbao za ukutani nikiwa nimepiga magoti mpaka yakachubuka. Nilimtafuta Fundi Faustin, yule Mkongomani ambaye baba yako alimfahamu kanisani Tottenham, akaja akafunga jipsamu mpya ya dari. Kila jioni Bi Kanta alikuwa ananishukuru kwa adabu, nami nilijua kabisa kwamba bado ananingoja.

Na wewe je? Wewe ndiye uliyekuwa unamfurahisha. Wakati ule nikikusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza. Unaelewa kila kitu, lakini ulimi wako ulikuwa umegoma, na mimi nilikwisha kukata tamaa. Nilikuwa nachoka nikitoka kazini, nikaona afadhali tuelewane kwa vyovyote. Bi Kanta alikataa. Ukimwomba kitu kwa Kiingereza anakutazama kama kiziwi, anasema, "Sikuelewi, mwanangu." Wewe ulijua anaelewa, maana ulimsikia akiongea na postamani. Ulikuja kunishtakia. Nikakwambia hiyo ni kesi yenu.

Ulivumilia mpaka uliposhindwa na pipi. Ulikwenda ukasimama mbele yake, ukakunja mikono, ukasema, "Bibi, mimi nataka pipi ya wewe." Akakurekebisha, pipi yako. Ukasema, "Hapana, ya mimi." Tulicheka mpaka Bi Kanta akakaa chini kwenye ndoo. Tangu siku hiyo mlikuwa hamwachani. Yeye anafuta, wewe unashika bakuli la siki, na jina la kila kitu unaambiwa: dari, ukuta, kona, unyevu, brashi, msasa. Watoto wengine walianza Kiswahili kwa nyimbo, wewe ulianza kwa vifaa vya ukarabati. Kama leo unaisoma barua hii bila kunipigia simu kuniuliza maana, ni yeye.

Basi nikafanya kosa jingine. Ukuta ule ulikuwa haukauki. Mimi nilifunga madirisha yote, nikawasha hita mpaka mwisho, nikidhani joto litamaliza kazi. Kumbe maji yalikuwa yanatoka ukuta huu yanahamia ule. Nyuma ya kabati kukaota kuvu nyeusi ambayo haikuwepo. Bi Kanta aliniambia dirisha lifunguliwe hata kama nje kuna barafu, unyevu lazima upate pa kutokea. Nilifungua kidogo, akigeuka nafunga. Siku zilikuwa zinakwenda na Dilip anakuja, na mimi nilitaka kuona rangi. Nilipoona uso wa ukuta umegeuka mweupe nikajiambia tayari. Bi Kanta alikuwa hekaluni. Nikachukua rola nikaupaka wote, ile rangi ya maziwa aliyoichagua mwenyewe. Aliporudi ulikuwa unang'aa. Aliugusa kwa kiganja, akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo.

Baada ya siku chache rangi ilianza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Ukiibonyeza maji yanatoka. Ilibidi tuikwangue yote, mpaka kwenye plasta, tukiwa tumefungua madirisha, tumevaa makoti na kofia ndani ya nyumba. Wewe ulikuwa shule. Tulikuwa wawili tu na sauti ya chuma kwenye ukuta. Na hapo, labda kwa sababu nilikuwa nimechoka, labda kwa sababu sote tulikuwa tumetazama ukuta na si nyuso, nikasema.

Nikamwambia, Bi Kanta, nilikuita mchawi. Nikamtajia mengine yote, lile la vitunguu na lile la watoto waliomtupa, moja moja, kama nilivyoyasema. Hakuna kazi ngumu kuliko hiyo niliyowahi kuifanya katika nchi hii, na nimesugua vyoo vya ndege. Nilipomaliza aliendelea kukwangua kidogo. Kisha akaweka chuma chini.

"Unajua nilisikiaje?" akasema. "Nilifungua mlango. Wewe ulipohamia, siku ya kwanza nikasikia Kiswahili ngazini. Mimi tangu mzee wangu afe sijakisikia. Nikawa nakusubiri utoke kazini, nafungua mlango kidogo, hivi, nasikiliza. Halafu nikasikia unanisema mimi."

Nikamwuliza kwa nini hakufunga.

"Nilifunga. Kesho yake nikafungua tena," akasema. "Kilikuwa ni Kiswahili hichohicho."

Nililia, Rehema. Yeye hakulia. Alinipa pindo la sari yake nifute uso, ambalo lilikuwa limejaa vumbi la plasta, tukatazamana tukiwa na nyuso nyeupe kama mizimu. Akasema sasa hilo nalo limekwisha, na kwamba wewe unakimbia kama ng'ombe, hilo asimdanganye mtu. Tukaendelea na ukuta.

Dilip alikuja mapema kuliko tulivyotarajia. Nilikuwa juu ya ngazi ya kukunja, Bi Kanta ameshika miguu yake, chumba kina harufu ya siki na kuta ziko uchi. Alisimama mlangoni na begi lake. Ni mtu mwema Dilip, nataka ulijue hilo, kwa sababu kwa miaka ulimchukia. Alikuwa amechoka na safari, na alichokiona ni mama yake mzee kwenye chumba chenye ubaridi wa friji, mikono imepasuka, kitanda kimesimamishwa ukutani. Aliuliza nani amefanya hivi. Nikashuka nikasema ni mimi, nilizima boila. Hakunifokea. Alimgeukia mama yake, akamwambia kwa Kiingereza, kwa upole sana, kwamba imetosha na wanaondoka leo.

Walibishana kwa Kigujarati kwa muda mrefu. Sikuelewa neno lakini nilielewa nani anashindwa. Jioni ile akaondoka naye. Uliporudi kutoka shule gari lilikuwa linawashwa. Ulimkimbilia ukasema Bibi usiende, ukuta bado. Alikushika shavu. Dilip akafunga mlango wa gari taratibu, nao wakaenda.

Siku ile nilipanda juu nikajilaza na viatu. Nilijiona nimemtoa mama wa watu nyumbani kwake kwa kubonyeza kitufe. Ulikuja ukasimama pembeni ya kitanda. Ufunguo wake wa akiba alituachia, ulikuwa umeninginia jikoni. Uliniambia, kwa Kiswahili, sentensi ya kwanza ndefu uliyowahi kuniambia bila kosa: "Mama, twende tukafungue dirisha la Bibi, unyevu utoke."

Nilikuwa sitaki. Nilikwambia haina maana tena, amekwisha kwenda. Ulikwenda kuvaa koti. Nikakufuata kwa sababu huwezi kumwacha mtoto wa miaka minane ashuke peke yake gizani, na huo ndio ukweli, hapakuwa na wema wowote kwa upande wangu. Tukafungua dirisha. Kesho yake tukafungua tena. Nikaazima kwa jirani mwingine ile mashine ya kuvuta unyevu, na ikawa ni kazi yako ukitoka shule kumwaga maji ya ndoo yake. Ulikuwa unaniletea nione yamepungua kiasi gani.

Bi Kanta alikuwa anapiga simu jioni. Hakuuliza habari nyingi. Alikuwa anasema, "Ukuta umekauka?"

Nami nasema, "Bado, Bi Kanta."

"Haya," anasema, anakata.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu Februari nzima. Na kuna jioni, mwanangu, nilitamani kumwambia umekauka. Sauti yake ilikuwa inafifia kila wiki. Huko alikuwa na joto, chakula, wajukuu, na bado alikuwa anafifia. Ningesema ndiyo angefunga mizigo usiku uleule. Lakini nilikwisha kusema ndiyo mara moja kwa ukuta ule, nikaona matokeo yake. Nikasema bado. Akasema haya.

Siku uliyoweka kiganja chako ukutani, ukaweka na shavu, ukasema, "Mama, hauna baridi tena," mimi nilisubiri kwa siku nyingine kadhaa bila kumwambia mtu. Kisha tukapaka. Wewe ulipaka chini, mimi juu, na mstari wa katikati haujakutana vizuri mpaka leo. Simu ilipolia na akauliza, nikakupa wewe.

Ukasema, "Umekauka, Bibi. Na tumepaka."

Akakuomba unipe mimi simu. Akaniambia, "Mwambie Dilip wewe. Mimi akinisikia atadhani natamani tu. Wewe umwambie ukuta ulivyo."

Nilimpigia Dilip. Sikumbembeleza. Nilimweleza hali ya ukuta, dari, zulia, na kwamba boila ya juu haitazimwa tena, na kwamba mimi na wewe tutakuwa tunashuka kila siku, si kwa ahadi, kwa sababu tumekwisha kuzoea. Akaniuliza kama ni kweli tuliendelea kukishughulikia chumba wakati mama yake hayupo. Nikasema ni Rehema aliyeendelea, mimi nilimfuata. Jumamosi iliyofuata alimleta. Dilip mwenyewe alibeba masanduku ya mama yake mpaka ndani, akaugusa ule ukuta, na alipokuwa anatoka akakuinamia akakupa mkono kama anavyompa mtu mzima.

Miaka iliyobaki unaijua. Bi Kanta na sufuria zake ambazo hazikuruhusiwa kugusa nyama, na siku niliyokaanga dagaa akafungua madirisha ya nyumba zote mbili. Kila Desemba mlikuwa mnafanya ile kazi pamoja, chini kwake kwanza, kisha juu kwetu: siki nyuma ya makabati, hewa kwenye redieta, majani kwenye mfereji wa mlangoni. Mimi nikirudi kazini nakuta nyumba inanukia siki na chai ya tangawizi. Sikuwahi kuuliza nani kafanya. Mtu akifanyiwa jambo kila mwaka huanza kulidhania ni sehemu ya hali ya hewa.

Na ile baridi alipougua. Mimi nilikuwa zamu, Dilip alikuwa njiani, na wewe, ukiwa na mitihani mbele yako, ndiye uliyepanda naye gari la wagonjwa. Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote. Wauguzi walikuwa wapole sana kwake, wakidhani amechanganyikiwa, kumbe alikuwa anawaeleza kila kitu, kwa Kiswahili. Nilipofika nilikukuta umekaa pembeni ya kitanda, mkono wake ndani ya wako, unamwambia muuguzi kwamba anasema mguu wa kushoto hausikii, kwamba ana kiu, kwamba anaomba mtu amfunike mabega. Kisha unamgeukia yeye unamwambia wamesemaje. Ulikuwa umetulia. Hukuniona. Nilisimama nyuma ya pazia, na hapo nikajua utakuwa nani, kabla wewe mwenyewe hujaniambia.

Mara hii Bi Kanta alisema mwenyewe, "Sasa nataka kwenda kwa Dilip." Tulimfungia mizigo bila kugombana na mtu.

Ulipoleta habari ya Dundee nilikasirika. Nikasema London imejaa mahali pa kusomea uuguzi, kwa nini uende mpaka kwenye barafu. Nilikaa na hasira hiyo wiki kadhaa, ukanivumilia. Iliisha Novemba, tulipokwenda Leicester kumwona. Unakumbuka hakututambua. Alinitazama akanipa tabasamu la adabu, kama la mgeni. Kisha akakutazama wewe kwa muda mrefu.

"Wewe mtoto wa nani?" akakuuliza.

Mimi nilikuwa nafungua mdomo nianze kumkumbusha majina. Wewe ulisema tu, "Wa juu, Bibi."

"Wa juu," akarudia. Akajisogeza kitandani, akakupa nafasi ukae.

Nilikutazama umekaa pale, Rehema, na nilishukuru. Nilishukuru kwa bomba, kwa ujinga wangu, kwa bibi aliyefungua mlango wake kwa mara ya pili, kwa Dilip aliyeugusa ukuta akakubali. Na kwako, uliyevaa koti wakati mimi nimejilaza na viatu. Huko uendako watakufundisha mengi ambayo mimi siyajui. Lakini watampata mtu ambaye tayari anajua kukaa pembeni ya kitanda, na hilo sikukufundisha mimi. Nilikuwa nikikufuata tu.

Kesho stesheni nikilia usinibembeleze. Mwache baba yako ajifanye anatazama ubao wa treni, na wewe uniache nilie mpaka milango ifungwe. Kisha tutarudi nyumbani sisi wawili, nitatandika kitanda chako kwa shuka safi, na nitalala.

Mama yako anayekushukuru,
Mama Rehema